Vikopo Viwili vya Unga

Mimi ni Mkongo wa Fizi, naishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kwenye korali naimba sauti ya kwanza, na nilipenda watu waseme: huyu dada ameokoka kweli.

Jirani yangu ni bibi mmoja, miguu inamuuma, hawezi kusimama foleni siku ya posho. Alinipa kadi yake nimchukulie. Kila mwezi, kabla ya kumpelekea mfuko wake, nilitoa vikopo viwili vya unga. Nilijiambia si wizi, ni jasho langu. Miezi mitano hivyo hivyo.

Jumapili moja mchungaji akasoma Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru wakisali hekaluni. Siku zote Farisayo nilimwona kwa wengine. Siku hiyo nilimwona amevaa sare ya korali. Zamu yetu ya kuimba ilipofika, sauti haikutoka.

Jioni nikaenda kwa bibi na unga, nikapiga magoti, nikasema yote. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, nilijua tangu mwezi wa kwanza. Unga wangu napimaga."

"Sasa bibi, mbona uliendelea kunipa kadi?"

"Ningekunyima, ungerudi kwangu lini?"

Nililia, ndugu zangu. Nilidhani msamaha unaanza siku mtu anapouomba. Kumbe ulinitangulia, miezi mitano unaningoja mlangoni. Na Yesu ndivyo alivyonifanyia.

Unga ule tuliusonga ugali, tukala wote wawili.