Kitabu na Kidonda

Kijana mmoja wa Moba, karibu na ziwa Tanganika, alipenda sana kusoma. Jumamosi moja mwalimu alimwazima kitabu cha maktaba ya masomo. Jioni akaketi kando ya moto, akakifungua.

Nyanya yake alikuwa na kidonda mguuni. Mama akasema: «Mwanangu, mwoshe nyanya yako kidonda.» Kijana akajibu: «Ngoja, mama, ninasoma.» Lakini moyoni alisema: «Kidonda kile kinanuka.» Mama akanyamaza, akakiosha mwenyewe.

Kitabu kilieleza habari za Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu. Alipokuwa mtoto, watu walimwiba, wakamwuza utumwani. Mapadri Weupe walimkomboa, wakampeleka Malta asomee udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, ng’ambo ya ziwa. Huko alitunza wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa, mwaka 1956.

Kijana akafunga kitabu. Akafikiri: «Huyu alitunza watu wasio ndugu zake, miaka zaidi ya 60. Na mimi ninamkimbia nyanya aliyenibeba mgongoni!»

Kesho yake, kabla ya kuambiwa, akapasha maji moto, akaleta kitambaa safi. Nyanya akauliza: «Nani amekutuma?» Akajibu: «Kitabu, nyanya.» Nyanya akacheka, akasema: «Basi, nisomee na mimi.»

Tangu siku hiyo, kila jioni aliosha kidonda kwanza, kisha akasoma kwa sauti, na watu wote wa nyumba wakamsikiliza.