Mwezi wa Tisa wa Koko

Binti yangu mdogo anasoma Bukavu. Mwanzo wa mwaka wa shule alirudi na daftari alimonakili majira manne ya mwaka, kila moja na picha yake. Picha ya tatu ilikuwa ya mti unaopukutisha majani mekundu, na chini yake bibi kizee mwenye shali mabegani, wajukuu wamemzunguka na vikapu. Somo alilikariri lote bila kukwama. Nikamwuliza: basi majira ya Luvungi, alikozaliwa baba yako, ni yapi? Akafikiri kidogo, akajibu: "Kule ni joto, papa." Hayo ndiyo yote anayoyajua. Nilikasirika, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya somo linalompa mtoto wa Ruzizi vuli ya watu wengine na kumnyima ya kwao. Bibi kizee wa namna hiyo mimi nilimjua, nyanya yangu tuliyemwita Koko, bila shali, na mwezi wake wa tisa niliuishi.

Ukitoka Bukavu unashuka mteremko wa Ngomo, unapita Kamanyola na Katogota, kisha ndiyo Luvungi, kwenye barabara iendayo Uvira. Magharibi ni milima ya Mitumba. Mashariki ni mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni Burundi. Bukavu mvua hutangulia. Sisi wa bondeni huiona kwanza kama weusi juu ya milima, siku nyingi kabla haijatushukia, na mtu mgeni huweza kudanganyika akapanda mapema. Koko hakudanganyika. Julai na Agosti vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hujaa bonde lote, hata milima ya Burundi inapotea kabisa, kana kwamba ng'ambo ya mto hakuna nchi. Kila asubuhi Koko alitoka, akasimama nyuma ya nyumba na kitenge chake kiunoni, akatazama mashariki. "Burundi haiyarudi," alisema, akaingia kuwasha moto. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Kisha, siku moja ya mwezi wa tisa, manyunyu yangepita usiku, na alfajiri milima ile ingekuwa pale, karibu, ya buluu, unaona hadi mikunjo yake. Hapo Koko hakusema neno. Alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa akateremsha mbegu.

Karanga za mbegu zilikaa na maganda yake katika chungu kilichoning'inizwa juu ya jiko, moshi ukizilinda na wadudu. Maharage alikuwa ameyachanganya na majivu. Mahindi yalifungwa mawili mawili kwa maganda yake na kutundikwa kwenye boriti hadi yakawa meusi. Kazi ya karanga ilikuwa yetu watoto, na ilifanywa usiku tu, baada ya chakula, ili mtu asiwe na njaa ya kumtia majaribuni. Hatukuruhusiwa kuzitwanga wala kuzigongea jiwe. Unashika ganda kati ya kidole gumba na cha shahada, unabana ncha yake mpaka linapasuka, punje mbili zinatoka na ngozi yake nyekundu nzima. Ngozi ikichubuka hata kidogo, punje hiyo haiendi shambani, kwa sababu itaoza udongoni kabla ya kuota. Zilizochubuka na zilizokunyata zilikwenda kwenye sahani nyingine, na hizo ndizo zilizokuwa mshahara wetu. Ukionekana umepeleka mdomoni punje nzima, Koko hakupiga kelele. "Iko mbegu," alisema, "haiko chakula." Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa amewahi kuishi mwaka ambao watu walikula mbegu. Mwaka gani, sikupata kujua. Kadi yake ilisema alizaliwa "mnamo 1926", makisio ya karani fulani. Yeye alisema alikuwa tayari na mtoto mgongoni Wabelgiji walipopima viwanja vya mpango wa kilimo wa paysannat na kuwalazimisha watu kulima pamba. Nimejaribu kulinganisha tarehe hizo mara kadhaa, na zinakubaliana nusu. Nimeziacha.

Mwezi huo huo ulikuwa mwezi wa hofu ya mihogo. Mihogo yetu ilikuwa ile michungu, haiwezi kuliwa kabla ya kulowekwa siku tatu au nne mpaka ilainike na sumu yake itoke. Wanawake walichimba vidimbwi kando ya kijito, wakaitosa humo, kisha wakaimenya na kuianika juu ya mikeka na mawe. Harufu yake wageni huikunjia pua. Ni harufu kali, chachu, inayoingia katika nguo na nywele, na mimi hata leo nikiikuta sokoni Kadutu, hapa Bukavu, husimama. Kiangazi chote mihogo ilikauka ikawa myeupe ya kuumiza macho. Lakini ikinyeshewa mara moja tu, inaota ukungu mweusi, na unga wake hakuna wa kuununua. Kwa hiyo wingu likionekana, mtu wa kwanza kuliona alipiga ukelele, na barabara nzima ilikimbia. Uliokota mihogo ya aliye karibu nawe, si yako. Mwenye nyumba akiwa kisimani, angerudi akute mikeka yake imekunjwa ndani. Haikuwa hisani ya kushukuriwa. Ndivyo ilivyofanywa.

Na kulikuwa na duka. Lilikuwa kando ya barabara, nyumba ya matofali yenye kibaraza, na mwenyewe tulimwita Mzee tu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuifuta meza kwa kiganja kabla ya kuweka kitu juu yake, hata kama ni kiberiti. Duka lile lilikuwa na harufu yake: mafuta ya taa, sabuni, na ndagala, yaani dagaa, wakavu waliotoka Uvira katika vikapu. Chumvi ilikuwa ya Uvinza, imevuka Tanganyika hadi bandari ya Kalundu. Sukari ilikuwa ya Kiliba, ya hapo hapo bondeni, wakati kiwanda kilipokuwa bado kinasaga miwa, kabla hakijafungwa 1996. Mche wa sabuni aliukata kwa waya mwembamba wenye vipini viwili vya mti, akapima kwa jicho, na vipande vyake vililingana kuliko vya mizani. Unga, maharage na chumvi vilipimwa kwa kopo la maziwa la Guigoz, na Mzee alilijaza mpaka kilele kikamwagika, kisha hakukikwangua.

Mwezi wa tisa ndio mwezi ambao Koko hakuwa na pesa hata kidogo. Mavuno ya mwezi wa sita yalikwisha kuuzwa au kuliwa, na karanga zinazopandwa zingetoka Januari. Basi kila jioni nilitumwa kwa Mzee: chumvi nusu kopo, mafuta ya kibatari, ndagala kidogo. Yeye aliandika katika daftari lenye jalada la bluu. Koko, asiyejua kusoma, alitia punje moja ya mahindi katika kibuyu kwa kila safari niliyotumwa. Januari walikaa pamoja kibarazani, daftari hapa, kibuyu pale, wakalinganisha. Mwaka mmoja daftari lilizidi kibuyu kwa chumvi moja. Koko akamwaga punje juu ya meza, akazihesabu tena mbele yake, polepole. Mzee akafuta meza kwa kiganja, akachukua kalamu akafuta mstari mmoja. "Mama, hiyo ilikuwa ya kwangu," alisema. Sikuwahi kusikia wakigombana. Nilichosikia mara nyingi ni Mzee alivyomwambia Koko alipositasita mlangoni: "Kamata tu, mama, tutaonana mwezi wa kwanza."

Karanga zile ndizo zilizolipa minervali yetu, yaani ada ya shule. Mwaka wa shule ulianza Septemba wakati huo kama leo, lakini mkuu wa shule yetu alijua karanga hukomaa lini, naye alisubiri. Asubuhi ya mvua ya kwanza nusu ya madawati yalikuwa matupu na mwalimu hakuuliza, kwa sababu naye alikuwa shambani kwake. Leo Septemba ni mwezi wa pesa. Elimu ya msingi imekuwa bure tangu 2019, na hilo ni jambo jema, nalisema bila kusita. Lakini wa sekondari wasiolipa hurudishwa nyumbani mwezi wa kumi haujaisha, wakati ambapo mzazi mkulima ametoka kuizika ardhini kila punje aliyokuwa nayo. Aliyepanga hivyo hajawahi kusubiri mvua.

Mvua yenyewe ikishuka, usiku wake ulikuwa wa kumbikumbi. Koko aliweka karai la maji uani, kibatari juu ya tofali katikati yake, nao wakaja kwa maelfu, wakaanguka majini mabawa yakitengana na miili. Tuliwakaanga bila mafuta, chumvi kidogo ya Mzee, na sahani moja ilipelekwa kwake kabla sisi hatujala. Alfajiri sote tulikuwa shambani: Koko, shangazi, baba mdogo, watoto kwa ukubwa wao. Koko alitangulia na jembe akifungua mashimo, nasi tulifuata tukidondosha punje mbili mbili na kufunika kwa unyayo. Mstari wa kwanza ulipandwa na mtoto mdogo kuliko wote, hata kama mkono wake ulipaswa kushikwa.

Lakini mvua ya bondeni huleta pia mbu, na mbu huleta homa. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ilikuwa miezi ya makaburi madogo. Siku ya maziko hakuna jembe lililoingia ardhini Luvungi, hata kama udongo ulikuwa tayari na mvua ikitishia kukatika. Majembe yalilazwa kando ya ukuta, makali chini. Koko mwenyewe alikuwa amezika watoto wake, na alijua mahali alipolima siku iliyotangulia kila kifo. "Hapa ndipo nilipoachia," alisema mara moja, tukipalilia, akaonyesha kwa kidevu, akaendelea kupalilia. Sikuwahi kumwona akilia shambani. Alilia nyumbani, usiku, akisaga.

Vita vya 1996 vilimchukua baba mdogo. Hakufa: alivuka ziwa, akaishia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Habari zilikuja miezi mingi baadaye katika karatasi ya Msalaba Mwekundu, moja ya zile zinazopitishwa wazi na zisizoruhusu ila habari za jamaa. Binti wa shangazi ndiye aliyemwandikia Koko majibu. Ameniambia kwamba kila mara Koko aliambiwa, ongeza neno, nafasi ipo, naye alikataa. Alisema tu: mvua imenyesha, karanga tumepanda, Burundi inaonekana. Jibu la Nyarugusu lilisema: huku mvua bado. Kwa jibu hilo alifurahi wiki nzima.

Mzee wa duka hakurudi baada ya vita. Paa liliondoka kwanza, kisha milango, kisha matofali.

Miaka iliyofuata naiona kama kupitia kioo cha gari. Mihogo ikashikwa na ugonjwa wa mozaiki, majani yakajikunja na kugeuka manjano, mizizi ikawa vidole, na ile mbegu ya zamani ikatoweka karibu yote. Zikaja mbegu mpya zinazozaa vizuri. Shangazi hadi leo anasema sombe yake, yale majani tunayopika, haina ladha. Zikaja pikipiki, simu, makaa. Koko akafa mwezi wa kumi, mvua ikiwa imeanza, na majembe yakalazwa. Mwembe wake ukakatwa kwa ajili ya makaa na mtu tuliyemjua. Mashamba yaliyo kando ya barabara yakauzwa kipande kipande kwa vibanda. Mbegu za msaada zikaanza kugawiwa, nzuri, zimefungwa vizuri, zinafika mwezi wa kumi na moja wakati udongo umekwisha kulewa maji, na watu wanazipika. Sasa watu wenyewe wanang'oa mihogo ikiwa michanga, kwa kuogopa kwamba wakiiacha ikomae ataing'oa mwenye bunduki. Mimi siwezi kuwalaumu. Ninachokosa uvumilivu nacho ni maneno ya wanaokuja na magari yao kusema kwamba wakulima wa Ruzizi hawajui kalenda ya kilimo.

Desemba 2025, kwa vita vingine, Luvungi ikavuka mto tena kwenda Burundi, mahindi yakiwa bado shambani. Binti wa shangazi, ambaye ndiye anayelima shamba la Koko, alinipigia akiwa upande wa Cibitoke, simu ya kuazima. Baada ya kunitajia nani yuko naye na nani hajapatikana, aliuliza kama Bukavu naweza kupata karanga za kupanda mwezi wa pili, kwani zile za chunguni zimebaki nyumbani. Nilikwenda Kadutu. Wengi waliuza zilizomenywa kwa mashine, nyekundu, safi, na nusu yake zimechubuka. Nilizunguka hadi nikampata mama mmoja mwenye nusu gunia na maganda yake, nikalinunua lote. Njia ikifunguka zitashuka Ngomo. Nilimwambia naweza kuanza kuzimenya ili kumpunguzia kazi. Akakataa katakata: nisiziguse, nitazichubua, watoto watazimenya wenyewe wakisharudi.