Gololi Mbili katika Tundu Moja

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari ya kazi ndogo ya mikono iliyotufunza neno kubwa. Kazi yenyewe ni kuunda mfano wa gari la mvuke, yaani gari lile la kale lililokwenda barabarani pasipo reli, kabla magari ya petroli hayajaenea. Labda mtu atasema, "Huo ni mchezo tu, wahusu nini nyumba ya Kikristo?" Na asome hata mwisho, ndipo ahukumu.

Miaka ile tulipokuwa Uingereza kwa masomo, mzee mmoja wa kanisa tulilosali, fundi wa chuma tangu ujana wake, alituletea sanduku zito la mbao. Ndani yake mlikuwa na vipande vya gari la mvuke la kukokotea mizigo, vimekwisha kukatwa na kutobolewa kiwandani, kila fungu katika bahasha yake, pamoja na kitabu cha michoro. Kazi iliyobaki ni ya mwenye kuunda: kusugua kwa tupa, kulinganisha, kukaza parafujo na kupaka rangi. Mzee alikuwa amelinunua kwa nia ya kuliunda yeye mwenyewe, lakini macho yake yalidhoofika. Akatuambia, "Liundeni ninyi pamoja na watoto. Ila msifanye haraka. Mashine hii haimpendi mwenye haraka." Tukaitikia, kama watu waitikiavyo maonyo wasiyoyatia moyoni.

Kipimo cha mfano huo ni inchi 1 kwa kila futi 1 ya gari lenyewe, yaani sehemu 1 ya 12. Walimu watapenda hesabu iliyomo humo. Gari la tani 12, likipunguzwa hivyo, halibaki na uzito wa tani 1. Urefu wagawanywa kwa 12, na upana vilevile, na kimo vilevile; na 12 mara 12 mara 12 ni 1,728. Basi tani 12 huwa yapata kilo 7, mzigo awezao kuubeba mtoto wa shule. Hata hivyo kila kitu kimo: dohani yenye taji la shaba, magurudumu makubwa ya nyuma na madogo ya mbele, minyororo ya kugeuzia, gurudumu zito lizungukalo ubavuni, na birika la shaba nyekundu lishikalo maji na mvuke kweli.

Kila jioni baada ya chakula na sala tulikaa mezani pamoja na mwana wetu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka 9. Yeye alitupa vipande kwa majina yake, nasi tulimsimulia habari za magari hayo. Tulimweleza jinsi Mfaransa Nicolas-Joseph Cugnot alivyotengeneza gari la mvuke mwaka 1769 ili kukokota mizinga ya jeshi, na jinsi gari lake kubwa la mwaka uliofuata lingaliko Paris katika nyumba ya makumbusho. Tulimweleza habari za Thomas Aveling wa Rochester, ambaye mwaka 1859 alichukua mashine ya mvuke iliyokuwa ikivutwa na farasi kutoka shamba hata shamba, akaifunga mnyororo wa kuzungusha magurudumu yake, ikajiendea yenyewe. Tena tulimweleza sheria ya Uingereza ya mwaka 1865, iliyoagiza mtu atembee kwa miguu mbele ya gari la namna hiyo, yadi 60, akishika bendera nyekundu. Na gari lisizidi maili 4 kwa saa katika barabara za mashamba, wala maili 2 mijini. Magari mepesi hayakufunguliwa sharti la mtu wa kutangulia hata mwaka 1896. Mtoto alicheka sana, akasema kazi hiyo ya bendera angeipenda.

Lakini habari aliyoipenda kupita zote ni ya Richard Trevithick wa Cornwall. Mkesha wa Krismasi mwaka 1801, Trevithick alipanda kilima cha Camborne kwa gari lake la mvuke, watu wakilidandia. Siku chache baadaye gari likaharibika njiani. Husimuliwa kwamba walilisukuma chini ya banda, kisha wakaenda katika nyumba ya wageni kula bata bukini wa kuokwa, na moto wameuacha ukiwaka. Maji yakachemka hata yakaisha, chuma kikawa chekundu, gari likateketea. Mwana wetu akauliza, "Baba, nani aliyeachwa kuulinda moto?" Tukamjibu kwamba hakuachwa mtu.

Sasa, ili mwelewe yaliyotupata, hatuna budi kuwaeleza jambo moja la ufundi. Mashine ya mvuke ikifanya kazi, maji birikani hupungua, na yakipungua mno huwa hatari. Kwa hiyo imewekwa pampu ndogo, izungushwayo na mashine yenyewe, kusukuma maji mapya ndani. Nayo pampu ina vali mbili, na katika kila vali hukaa gololi ya chuma kisichoshika kutu, kubwa kiasi cha punje ya mtama. Maji yakisukumwa, gololi huinuka yakapita. Yakitaka kurudi, gololi hushuka ikaziba tundu. Pasipo kitu hicho kidogo, gari zima ni pambo tu.

Kitabu kilisema gololi ni mbili. Jioni moja tulipoifungua bahasha tukaona moja tu. Bahasha hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa usiku uliotangulia, na mtoto alikuwa amekaa karibu nayo. Tena tulijua kuwa yeye na wenzake hucheza gololi shuleni. Hukumu ikatoka vinywani mwetu kabla ya ushahidi. Akasema, "Sikuigusa, Baba." Tukamwambia, "Basi imekwenda kwa miguu yake?" Tukamwamuru apige magoti na kutafuta sakafuni kwa kurunzi, hata saa yake ya kulala ikapita. Mama yake akauliza kwa upole, "Baba watoto, umehesabu vema?" Naye tukamjibu kwa ukali. Mwisho tukampiga mtoto marufuku asikaribie meza ile mpaka kazi iishe.

Gololi nyingine tukainunua, bei yake haifiki ya kikombe cha chai. Kazi ikaendelea muda wa wiki 3. Kila jioni mtoto alikuja akasimama mlangoni, mabega yake yameegemea mwimo, akatazama, asiingie. Hakuna aliyetupa vipande kwa majina yake, wala sisi hatukuwa na wa kumsimulia. Twakiri kwamba tuliuona upweke wake, tukauita adabu.

Siku ya kujaribu ilipowadia, mzee yule alikuja, maana katika chama chake cha waunda mifano alikuwa na idhini ya kupima mabirika. Kwanza alilijaza birika maji baridi pasipo kuacha hewa, akayasukuma hata nguvu yake ikawa mara 2 ya ile ya kazi. Alitueleza sababu: mvuke ukipasua chuma hulipuka na kuua, bali maji baridi yakipata ufa huvuja tu. Kwa hiyo mwenye hekima hutafuta kosa wakati wa baridi, asingoje wakati wa moto. Birika likashinda. Ndipo akalizungusha gurudumu la ubavuni kwa mkono. Likazunguka kidogo, likakwama.

Sisi tukashika spana ili tulilazimishe. Sauti ikatoka mlangoni: "Baba, usilazimishe. Mzee alisema haimpendi mwenye haraka." Mzee akaweka mkono wake juu ya wetu. Tukafungua kifuniko cha vali, tukaiinamisha pampu juu ya kisahani. Ikaanguka gololi moja. Kisha ikaanguka ya pili.

Hapo tukakumbuka. Usiku ule wa kwanza, na usingizi machoni, tuliitia gololi ndani ili kuona kama yaenea, tukakaza kifuniko kwa vidole, tukaenda kulala. Baadaye tukatia ile ya kununua juu yake katika tundu lile lile jembamba. Ya chini haikuweza kuinuka, maji hayakupata njia, na pampu ikashikamana.

Wasomaji, mkono wetu ulizifumba gololi zile. Mtoto alikuwa mbali, na huenda hakuziona. Moyo ukatushauri: mgeni yupo, heshima ya baba ni kitu kikubwa, utamwambia kesho, tena si lazima kumwambia yote. Ushauri huo ulikuwa na sura ya busara. Lakini tulikumbuka kuwa shutuma tuliitoa mbele ya watu, kwa sauti kubwa. Yawezekanaje toba iwe ya kunong'ona? Tukamwita. Tukafumbua mkono, tukasema, "Hesabu, mwanangu." Akasema, "Mbili." Katika kuandika kwetu husema "sisi", kama ilivyo desturi ya waandishi, ila siku ile neno hilo halikufaa. Tulisema, "Mimi ndimi niliyekosa. Hukuipoteza. Nilikusingizia. Nisamehe."

Hakutukimbilia shingoni, kama hadithi zipendavyo kusema. Alizitazama gololi kitambo, kisha akauliza, "Na zile jioni zote?" Hatukuwa na jibu, wala hatuna hata leo. Tukamwambia kwamba hatuwezi kuzirudisha. Akafikiri, akauliza tena, "Basi naweza kukaa mezani?" Mama yake akamvutia kiti.

Yeye ndiye aliyeirudisha gololi mahali pake, moja tu, nasi tukamshikia taa. Yeye ndiye aliyewasha moto. Maji yalipochemka, mshale wa kipimo cha mvuke ukapanda polepole, gurudumu likaanza kuzunguka na kunong'ona, na harufu ya mafuta ya moto ikajaa. Tukalitoa katika kijia cha bustani. Mtoto akaomba leso nyekundu ya mama yake, akaenda mbele ya gari, akiipeperusha kwa uso wa kazi, nasi wakubwa 3 tukafuata nyuma kwa mwendo wa sheria ya mwaka 1865. Tulipoketi kunywa chai hakutaka kuja mpaka moto uzimike. Alisema amebaki kuulinda.

Basi twawaandikia haya ninyi mnaotawala watoto nyumbani na shuleni. Chaki hupotea, kalamu hupotea, sarafu hupotea, na mdogo aliye karibu ndiye rahisi kushutumiwa, kwa kuwa hana nguvu ya kujitetea. Tuhesabu kwanza, tena tuanze kuhesabu katika mikono yetu wenyewe. Na tukiisha kukosa, tuungame mbele ya wale wale waliosikia ukali wetu. Twalijua sana agizo la Mtume Paulo kwa watoto katika Waraka kwa Waefeso, na kulikariri kwao. Bali agizo lake kwa akina baba, lililo mistari michache tu mbele yake, twalisoma upesi.

Gari lile tunalo hata sasa, juu ya kabati. Gololi ya pili tumeiweka katika kisahani cha kioo mezani petu pa kuandikia. Mwana wetu amekua, wala hajapata kuitaja tena. Sisi twaitazama kila tunapotaka kumkemea mtu.