Ukuta wa Kuni Huko Wisconsin

Katika kijiji cha Jennings, kaskazini mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, liko jengo ambalo mgeni akilitazama kwa mbali hudhani ni rundo la kuni zilizowekwa akiba kwa majira ya baridi. Akikaribia huona kwamba kuni hizo ndizo ukuta wenyewe. Mjenzi wa nyumba ya fito na udongo huisimamisha miti; hapa vipingili vimelazwa, ncha zikitazama nje, na baina yake imeshindiliwa chokaa. Hilo lilikuwa duka la John Mecikalski, pamoja na baa na vyumba vya wageni, lililojengwa mwaka 1899. Mwaka 1984 liliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria.

Ujenzi huo ulizaliwa na uhaba. Makampuni ya mbao yalikuwa yamekwisha kukata misonobari mirefu, na walowezi wakabakiwa na miti mifupi, iliyopinda au iliyounguzwa na moto. Tena, gogo refu lataka wanaume kadhaa kuliinua. Kipingili cha futi moja na nusu hubebwa hata na mtoto.

Ajengaye banda kwa namna hiyo hutangulia kuweka msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, theluji isije ikaozesha mti. Vipingili hukatwa kwa urefu mmoja, hubambuliwa magome, kisha huachwa kwenye upepo hata mwaka mzima. Mwerezi hufaa kuliko miti mingi. Hapo hutandikwa mistari miwili ya chokaa na mchanga, mmoja upande wa nje na mmoja wa ndani, na nafasi ya katikati hujazwa unga wa mbao uliochanganywa na chokaa kavu ili kuzuia baridi. Vipingili hulazwa juu yake pasipo kugusana. Mwiko hausaidii sana. Kazi ni ya vidole, navyo sharti vivikwe glavu, kwa kuwa chokaa huchoma ngozi.

Hatari kubwa imo katika mti wenyewe. Mti mgumu uliokauka kupita kiasi ukinywa mvua huvimba, na kwa kuwa hauna pa kutanukia, huusukuma ukuta mzima mpaka ukapinda. Mti mbichi hufanya kinyume: husinyaa, ukaacha mwanya wa kupenyeza upepo. Kati ya mabaya hayo mawili, mwanya ni afadhali, maana huzibwa kwa siku moja, lakini ukuta uliosukumwa hauna dawa ila kubomolewa. Kwa sababu hiyo paa hupewa upenu mrefu, nao mti mgumu huepukwa kabisa na wajenzi waangalifu.

Kazi huenda polepole, mistari michache tu kwa siku. Jioni, chokaa ingali laini, mjenzi huchukua kisu cha jikoni kilichopindwa ncha, akakizungusha pembeni mwa kila kipingili, kimoja baada ya kingine, mpaka giza liingie.