Siku tatu mimi na bibi yangu: Lukaya, Kampala na maji ya Entebbe

Mwezi uliopita tuliombwa sisi walimu tuandike juu ya mahali tulipotembea wakati wa likizo. Wenzangu walicheka. Mwalimu wa kujitolea atembee wapi? Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimetembea kweli, tena kwa pesa ya mabati.

Nieleze vizuri. Tangu tuoane, miaka mitatu sasa, nyumba yetu imeezekwa kwa shitingi, na hiyo shitingi imetoboka kama chujio. Mwezi wa Agosti mwaka jana kikundi chetu cha akiba kiligawa pesa, sisi tukapata shilingi 340,000. Bati moja dukani ilikuwa 34,000. Mabati kumi basi, hesabu ya darasa la tatu. Nilishaongea na fundi.

Alhamisi jioni jirani yetu, dereva wa lori la mahindi, akapita kutusalimia. Akasema anaondoka usiku uleule saa tisa kwenda Kampala, kijana wake wa kupakua ni mgonjwa, nafasi mbele iko wazi, na atarudi Jumapili usiku. Alisema tu kama mtu anayepiga hadithi. Bibi yangu alikuwa anachambua maharage. Akaweka sahani chini.

"Mwalimu, twende."

"Twende wapi?"

"Penye maji. Maji ambayo si ya kuteka."

Najua kuna atakayesema: maji si yako hapa? Ndiyo, ziwa tunalo, na kambi inaitwa kwa jina lake. Lakini nani kati yetu anaenda Ziwa Nakivale kupumzika? Tunaenda na jerikani, tunaangalia viboko wako upande gani, tunarudi haraka. Na mimi na bibi yangu tulikuwa tumefika mahali ambapo hatugombani, lakini tumekuwa kama watu wa zamu. Nani ameenda bombani, nani yuko kwenye foleni, nani anabaki na mtoto. Siku inaisha hatujaambiana neno moja ambalo si kazi.

Mama mkwe alikubali kubaki na mtoto, ila hakutuficha. "Pesa ya mabati munaenda kuitupa Kampala? Ju ya kuangalia maji?" Hatukuwa na jibu. Tulifunga nguo kwenye begi la shule.

Kwa wale wanaoogopa njia: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi. Lakini beba kadi yako yenyewe, si fotokopi. Sisi polisi walisimamisha lori mara mbili, wakaangalia kadi, wakarudisha, wakatutakia safari njema.

Mbarara tuliipita gizani. Ni jiji rasmi tangu Julai 2020, lakini mimi niliona taa na mbwa tu. Mwanga ulitukuta Sanga, ambapo barabara inapita karibu na hifadhi ya Ziwa Mburo, na pale punda milia walikuwa wanakula majani pamoja na ng'ombe wenye pembe ndefu za kule, kama watu wa familia moja. Bibi yangu alisema, "Kumbe ni wafupi hivi!" Kwenye vitabu ninavyofundishia hawaonyeshi urefu wao. Lyantonde tulikunywa chai na chapati. Huo ni mji wa madereva, malori yamepanga mistari pande zote, na kila mlango ni hoteli.

Halafu Lukaya. Ndugu zangu, mkipata nafasi simameni Lukaya. Hata kabla lori halijasimama vizuri, vijana wenye aproni wameshalizunguka, kila mmoja ameinua mikono miwili yenye vijiti: kuku wa kuchoma, nyama, maini, na gonja, ile ndizi tamu iliyochomwa mpaka ikawa nyekundu. Wanapiga kelele wote kwa pamoja, mpaka huwezi kuchagua. Tulinunua paja moja la kuku na gonja nne. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye gurudumu la akiba, mafuta yanatiririka mpaka kiwiko. Bibi yangu alinipa ngozi ya kuku. Wanaotujua wanajua kwamba ngozi haigawi kwa mtu yeyote. Kama safari ingeishia hapo nisingelia.

Ukitoka Lukaya unavuka bonde la Katonga, lile ambalo mafuriko ya Mei 2023 yalikata barabara yake, magari yakazungushwa mbali. Baada ya hapo ni Kayabwe, unapopita mstari wa ikweta. Kuna duara mbili nyeupe za saruji, moja kila upande wa barabara, watu wanasimama ndani wanapiga picha. Bibi yangu aliweka mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini, akasema sasa yeye ni mkubwa kuliko mimi. Pale kuna vijana wenye mabeseni wanaokuonyesha maji yakizunguka upande huu kusini, na upande ule kaskazini, na katikati yanashuka bila kuzunguka. Wanatoza pesa. Mimi kama mwalimu naomba nisema ukweli: mzunguko wa dunia unageuza upepo mkubwa na dhoruba, lakini kwenye beseni nguvu yake ni ndogo mno. Maji yanazunguka kwa jinsi yule kijana alivyoyamwaga. Lakini ni mchezo mzuri, na kijana ana mikono myepesi. Karibu na Mpigi tuliona watengeneza ngoma barabarani, ngoma kubwa mpaka mtoto anaweza kulala ndani, na jioni foleni ya magari ya Kampala ikatumeza.

Kampala nitaisema kwa ufupi. Tulilala Katwe kwa shangazi wa bibi yangu, chumba kimoja, sisi na watoto wake watano sakafuni. Likizo ya wapendanao, eti! Shangazi tulimpelekea sukari na sabuni, alifurahi sana. Jumamosi tulitembea kwa miguu. Soko la Owino ni kubwa mno, unaingia na mwanga unatoka na giza, na ushike simu yako kwa mkono, si mfukoni. Kwangu mimi Kampala ni mji wa kuuliza bei tu. Kitu kimoja kilichonipendeza ni msikiti wa taifa juu ya kilima cha Old Kampala, ulioanzishwa enzi za Idi Amin ukamaliziwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Libya. Wageni wa dini zote wanapokelewa, wanawake wanapewa nguo ya kujifunika, na unapanda mnara kwa ngazi zaidi ya 300. Juu unaona vilima vyote, makanisa ya Rubaga na Namirembe kila moja juu ya kilima chake, na chini magari kama siafu. Bibi yangu hakuangalia magari. Aliuliza ziwa liko upande gani.

Jumapili asubuhi tukapanda takisi ya Entebbe, 5,000 kila mtu. Ni kama kilomita 40. Entebbe ni mji mdogo, safi, una miti mikubwa, na bustani yake ya mimea ilianzishwa mwaka 1898. Jina lenyewe ni la Kiganda, maana yake kiti. Waingereza walitawalia hapo.

Tulianza na ufuko wa kulipia, 10,000 kila kichwa. Sitautaja jina. Mchanga ulikuwa mzuri, lakini muziki ulipigwa kwa nguvu mpaka maji yenyewe huyasikii, na soda ilikuwa mara tatu ya bei ya Base Camp. Watu walikuwa wanapiga picha tu. Tulikaa saa moja tumeshika chupa moja ya soda, na bibi yangu hakusogea karibu na maji hata hatua moja. Nikafikiri nimepoteza mabati yangu bure.

Nje ya geti kijana wa boda akatuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kama tunataka kuona samaki. Akatupeleka Kigungu.

Kigungu ni mwalo wa wavuvi, nje kidogo ya mji, ng'ambo ya uwanja wa ndege. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki Uganda, walishuka hapo tarehe 17 Februari 1879, na mahali pao pa kumbukumbu papo mpaka leo. Lakini sisi hatukuenda kwa ajili ya hilo. Hapakuwa na geti wala tiketi. Mitumbwi ya mbao ilikuwa imevutwa mchangani, watoto wanaoga, wanawake wanageuza mukene waliotandazwa kwenye nyavu juani. Mukene ni wale samaki wadogo wa fedha, binamu wa ndagala. Upepo ulipotuletea ile harufu, bibi yangu alisimama katikati ya njia.

"Hii ni Baraka," akasema.

Wale wa kwetu Fizi wanajua. Alitoka Baraka mwaka 2009 akiwa na miaka saba. Nilijua walikimbia kwa mtumbwi usiku kwenda Uvira, kisha Burundi, Rwanda mpaka hapa. Zaidi ya hapo alikuwa hajaniambia, na mimi sikuuliza. Tulikaa kwenye mtumbwi mmoja uliogeuzwa, akaanza kusema bila kuniangalia. Ziwa lilichafuka. Wenye mtumbwi waliamuru mizigo itupwe. Walianza na magunia, halafu masufuria, halafu cherehani ya bibi yake mzaa mama, ambayo ndiyo ilikuwa inalisha nyumba nzima. Mama yake aliishika, mwanamume mmoja akamfungua vidole, kimoja kimoja. Cherehani ikaingia majini bila sauti kubwa. Anakumbuka hilo: kitu kizito hivyo, sauti ndogo hivyo. Mama yake hajaitaja hata siku moja tangu wakati ule.

Mimi sikujua la kusema, nikafanya kama tunavyofanya walimu, nikatoa somo. Nikamwambia Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika kwa upana, lakini kina chake ni kama mita 80 tu mahali pa mwisho, na Tanganyika inashuka mpaka mita 1,470. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo maana. Hapa hakuna milima." Kwetu ukisimama ufukoni Baraka unaona Ubwari mbele yako, maji yana ukuta. Pale Kigungu maji yanaenda mpaka yanashikana na mbingu.

Halafu akavua viatu. Aliingia polepole, kwanza vidole, halafu vifundo, mpaka magoti, kitenge amekishika mkononi. Nilianza kumkumbusha habari ya kichocho, akageuka akaniangalia, nikanyamaza, nikavua viatu na mimi. (Kichocho kiko kweli ziwani humo, hasa penye majani na konokono. Mkioga ziwa, nendeni kituo cha afya mpimwe. Dawa yake ipo, vidonge vya prazikwanteli.) Tulisimama majini muda mrefu. Ndege kubwa iliruka kutoka uwanjani ikapita juu ya ziwa, na tukaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Dada yake mkubwa aliondokea hapo Entebbe kwenda Marekani, kabla mimi sijamjua. Hatukuongea juu ya hilo. Alinishika mkono tu, mchana kweupe, mbele ya wavuvi, kitu ambacho hapa kambini hatujawahi kufanya.

Tulinunua mukene wa shilingi elfu tano, wakatufungia kwenye gazeti. Saa tatu usiku lori lilituchukua Kampala, na Jumatatu asubuhi tulikuwa nyumbani, mtoto amelala, mama mkwe amekaa mlangoni.

"Mabati iko wapi?"

Nikaanza kueleza hesabu. Bibi yangu akamwekea lile gazeti mapajani. Mama alilifungua, akanusa, akanyamaza kidogo.

"Wanakausha mchangani ao kwenye turubai?"

"Kwenye nyavu, mama."

"Basi haina mchanga kwa meno." Aliwapika mwenyewe na mawese. Alisema ni wachungu kidogo, si wa kwetu. Aliomba aongezewe. Usiku bibi yangu alibaki naye jikoni, nikawasikia wanaongea chini chini mpaka moto ukazima. Sikuuliza.

Kwa wanaotaka hesabu: tulitumia 178,000, pamoja na 40,000 za lori kwenda na kurudi. Zilizobaki zilinunua mabati manne na misumari. Fundi alicheka, lakini aliyapigilia juu ya upande anaolala mtoto na bibi yake. Upande wetu bado ni shitingi. Mvua ya Septemba ilipoanza tulisukuma kitanda mara mbili kwa usiku mmoja, na mara ya pili bibi yangu aliniuliza, katikati ya giza na sufuria linadondokewa, kama nakumbuka ile gonja ya Lukaya ilikuwa bei gani.