Papa Hafuati Dhahabu

Kigwa, nilikozaliwa, haina bahari. Ina miombo, asali, na kumbukumbu ya njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Tabora: pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba zikipanda bara. Ndipo mpwa wangu aliponiandikia kutoka huko: “Shikamoo mjomba. Nikizama na mashine yangu hapo kwenu Unguja, papa hawatanijia?”

Mashine yenyewe ni ile iliayo ipitapo juu ya chuma au dhahabu. Vijana wa Unyamwezi wana sababu ya kuipenda. Mwaka 1916, Wajerumani waliobanwa na vita walifua Tabora, katika karakana ya reli, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Zilikuwa kiasi cha 16,000, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Tangu hapo watu hawajaacha kuiota na kuichimbia mali ya Mjerumani. Sasa ndoto hiyo imefika baharini.

Nilimjibu kwamba hofu yake si ya kipuuzi. Papa ana vitundu puani vilivyojaa ute, alivyovieleza Mtaliano Stefano Lorenzini mwaka 1678, na kwa hivyo huhisi umeme hafifu mno utokao katika mwili wa samaki aliyejificha mchangani. Hata chuma kinachoshika kutu majini hutoa umeme kidogo awezao kuuhisi. Lakini umeme wa kiumbe hai hubadilika polepole, na hisi ya papa imeumbwa kwa huo. Mashine hupiga mapigo yake mamia au maelfu kwa kila sekunde, na nguvu yake hufifia ndani ya hatua moja au mbili. Hiyo si sauti ya kumwita papa aliye mbali.

Waitikao mwito ni wengine. Mchanga ukifukuliwa, minyoo na kaa hufichuka, na samaki wadogo hukusanyika kula, kama wanavyomfuata mkundaji anapochimba kwa ndevu zake. Wa kuogopwa hapo ni taa aliyejifukia, mwenye mwiba mkiani. Mkono unaopapasa ndio unaomkuta.

Ama papa, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, kwa sababu ya uvuvi. Tukikutana naye, mwenye haki ya kuogopa ni yeye.

Lakini mpwa wangu hakuniuliza lile lililo zito zaidi. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilipigwa mbele ya bandari ya Unguja na Königsberg ya Wajerumani, ikazama. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Mashine haitofautishi msumari na sarafu, wala mali na mabaki ya waliokufa. Ndivyo ilivyo Kigwa pia: walioiacha shaba njiani ni wapagazi, babu zetu, na wengi hawakurudi makwao.

Nimemwambia aje, aiache mashine nyumbani. Nitamwazima miwani ya kuzamia, akamwone mkundaji akichimba chakula chake, na mchanga ukitua tena nyuma yake.