Ukerewe: Mtoto avue akiwa juu ya jiwe

KUTOKA Mwanza mjini, meli hutumia takriban saa tatu kufika Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria. Likizo ikifika, ukingoni hukosi watoto wenye fito, mshipi, ndoano na kidonge cha ugali, wakimsubiri sato.

Wengi huvua wakiwa wamesimama majini, maji yakiwafika magotini. Hawakosei kuhusu samaki. Sato hupenda kina kifupi: dume huchimba shimo mchangani, jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Mtoto anayeyajua mashimo hayo anajua pa kutupa ndoano.

Tatizo ni kwamba kina hicho kifupi, penye majani na maji yaliyotulia, ndipo pia anapoishi konokono anayebeba vimelea vya kichocho. Vimelea humtoka kwa wingi jua linapowaka, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Mtoto anaweza asihisi chochote.

Kichocho kilichoenea kandokando ya ziwa hili hushambulia utumbo na ini. Huanza na maumivu ya tumbo, kuhara na damu kwenye choo. Kikiachwa kwa miaka, ini na bandama huvimba na mgonjwa anaweza kutapika damu.

Dawa ipo, prazikwanteli, na watoto huigawiwa shuleni. Lakini huua minyoo iliyomo mwilini tu, haimkingi mtoto anayerudi majini kesho yake.

Basi tuwakataze kuvua? Kwa familia za kisiwani, samaki ni kitoweo na kazi ya baba na babu. Katazo la namna hiyo halifiki jioni.

Jibu liko palepale ziwani. Miamba iliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba ipo Ukerewe pia, na mingine imeingia majini. Mpe mwanao ufito mrefu, akae juu ya jiwe kavu, ndoano ndiyo iingie ziwani, si miguu yake. Samaki akinasa, amvute hadi juu. Mtu mzima awe karibu, kwa sababu mawe huteleza, na waulizeni wenyeji kwanza kuhusu mamba.

Nyumbani, maji ya ziwa ya kuoga yachemshwe, au yakae siku mbili kwenye chombo safi kilichofunikwa. Na kila mtu atumie choo, kwa kuwa mayai ya kichocho hiki huingia ziwani kupitia kinyesi.

Kama mwanao ameshaingia majini, mpeleke kituo cha afya akapimwe choo, hata kama anaonekana mzima.